ED ya Emory: Kabla ya kutia sahihi, amua kuhusu Oxford

Kila ifikapo Septemba, vijana wanaoomba Emory, chuo kikuu cha Marekani chenye kampasi mbili, huniuliza swali lile lile: kwenye fomu niweke alama Atlanta, Oxford, au zote mbili? Jibu langu ni kwamba usiweke alama kwenye kampasi ambayo ungeipokea kwa kinyongo. Katika maombi ya kawaida, ukipewa usichokipenda unakataa na hakuna anayekudai. ED haikupi nafasi hiyo.

ED (Early Decision) ni maombi ya mapema yanayokufunga. Wewe unatia sahihi, mzazi anatia sahihi na shule yako inatia sahihi, kwamba Emory wakikuchukua utakwenda, na maombi yako ya vyuo vingine utayaondoa. Huruhusiwi kuomba ED vyuo viwili kwa wakati mmoja. Duru ya kwanza hufungwa tarehe 1 Novemba na majibu hutoka katikati ya Desemba. Ya pili hufungwa tarehe 1 Januari, siku moja na maombi ya kawaida, lakini majibu yake hutoka Februari, huku wale wa kawaida wakisubiri hadi Machi inaisha.

Sasa, hizo kampasi mbili. Wamethodisti walianzisha Emory mwaka 1836 katika kimji cha jimbo la Georgia walichokiita Oxford, kwa heshima ya chuo cha Uingereza walikosoma akina Wesley, waasisi wa Umethodisti. Mwaka 1915 Emory ikapata hati ya kuwa chuo kikuu, makao yakiwa Atlanta, kwa ardhi na fedha za Asa Candler, yule tajiri wa Coca-Cola. Kule Oxford hakukufungwa. Leo ni chuo cha miaka miwili ya mwanzo, chenye wanafunzi elfu moja hivi, kilomita kama 60 mashariki mwa Atlanta. Ukimaliza miaka miwili unahamia Atlanta bila kuomba upya (biashara na uuguzi vina taratibu zao za kuingia, zisome mapema), na shahada unayopewa mwishoni ni ile ile ya mwenzako aliyeanzia Atlanta. Nyumbani, ukisema umepata Oxford, jiandae kuwaeleza shangazi na majirani kwamba si ile ya Uingereza. Mimi nilianzia huko, na bado wapo wanaoamini niliishi London.

Fomu ni moja na ada ya maombi ni moja, hata ukiweka alama mbili. Hapo ndipo watu wanaponaswa. Mtu anajiambia: niweke zote, nafasi ziongezeke, gharama ni ile ile. Ni kweli hulipi zaidi, ila ukipokelewa Oxford peke yake chini ya ED, umeshaahidi Oxford. Ukipokelewa kote, utachagua. Mwombaji aliyeota maabara za Atlanta, majengo ya CDC (taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) yaliyo jirani na chuo, na hospitali ile iliyowatibu Wamarekani wenye Ebola mwaka 2014, anaweza kujikuta Agosti yuko mji mdogo wenye miti mingi na barabara chache. Wengine hilo huwafaa sana. Jiulize kama ni wewe.

Nieleze maisha ya Oxford yalivyo, maana vitabu vya matangazo hupamba. Madarasa ni madogo na hakuna wanafunzi wa uzamili, kwa hiyo anayekufundisha na kukusahihishia ni profesa mwenyewe. Atakujua kwa jina kabla mvua za baridi hazijaanza, na siku ukihitaji barua ya mapendekezo ataandika mambo anayoyajua, si sifa za jumla. Waliosoma shule za bweni kwetu huzoea upesi: mnakula pamoja, mnaonana kila siku, na ukikosekana darasani watu wanauliza. Vyama vya wanafunzi navyo vinakosa watu wa kuviongoza, kwa hiyo wa mwaka wa kwanza anapewa kazi ambazo Atlanta angezisubiri.

Upande wa pili nao nisiufiche. Kama unapenda jiji, Oxford itakubana. Treni za MARTA, za usafiri wa umma wa Atlanta, hazifiki huko, kwa hiyo hata safari ya kutoka uwanja wa ndege unaipanga kabla hujapanda ndege. Kuna basi la chuo kati ya kampasi mbili, lakini maisha yako yatafuata ratiba yake. Unga wa ugali uko mbali. Ukiwa Atlanta una soko kubwa la wakulima la DeKalb, na Clarkston haiko mbali, mji uliopokea wakimbizi wengi wakiwemo Wakongo na Warundi, na Kiswahili utakisikia barabarani. Kisha kuna kuhama kwenyewe. Unafika Atlanta mwaka wa tatu, wenzako wameshapata marafiki, wameshajua profesa gani ana nafasi ya utafiti. Mwenye kulenga sayansi aketi na mshauri wa masomo tangu muhula wa kwanza, aulize ni kozi zipi za kemia na hisabati zinazotakiwa ziwe zimekwisha kabla ya kuhama. Akifanya hivyo, kuhama hakumsumbui.

Fedha ndiyo sura ndefu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kuamua kama uombe ED au la. Wenye uraia wa Marekani au kadi ya kijani, wakiwemo watoto wengi wa familia zetu walioko huko, Emory huwakamilishia mahitaji yote ya kifedha yaliyothibitishwa. Anayetoka Nairobi, Mwanza au Bujumbura kwa viza ya mwanafunzi yuko mahali tofauti kabisa: msaada kwa wanafunzi wa kigeni ni mchache, na kuuomba kwako kunatazamwa wakati wa kuamua kama upokelewe. Usidanganyike kuuficha ili upite, ukitumaini kuomba baadaye. Kwa kawaida mlango huo ukishafungwa haufunguliwi tena.

Kwa hiyo kikao cha familia kifanyike kabla ya sahihi, si baada ya barua. Fomu ya CSS Profile, ya kuombea msaada wa fedha, itauliza mshahara, duka, shamba, nyumba ya kupangisha, na inakubali ujaze kwa shilingi. Kaa na baba, au mjomba aliyeahidi kulipa, mwandike kiasi ambacho kweli kinaweza kutoka kila mwaka kwa miaka minne. Ahadi za harambee hazina mahali pa kujazwa kwenye fomu hiyo. ED ina mwanya mmoja: chuo kikikupa msaada usiotosha, unaweza kuomba uachiliwe. Mwanya huo ni wa kweli, ila unaufikia kwa mazungumzo na hati, ukiwa na siku chache, na maombi yako ya kwingine yamesimama. Kama familia inahitaji kulinganisha bei za vyuo vitatu au vinne ndipo iamue, ED si yenu, na hakuna aibu katika hilo. Ombeni kwa kawaida.

Walio Kenya wana shida ya kalenda. Tarehe 1 Novemba inaangukia KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ikiwa imepamba moto, na mwalimu mkuu unayemtaka atie sahihi na kutuma ripoti ana mitihani ya shule nzima kichwani. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Barua za walimu ziombwe kabla ya hapo, insha ziandikwe likizo ya Agosti, na mwalimu aelezwe kwa mdomo kwamba ile fomu ya ED ni ahadi, asije akaitia sahihi kwa wanafunzi wawili wa vyuo viwili akidhani ni barua ya kawaida. Ikishindikana, duru ya pili ipo kwa ajili yenu, mna Desemba nzima baada ya mtihani. Tanzania mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa mtihani wa kidato cha sita huja Mei. Ofisi za EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kushauri wanaotaka kusoma huko, zilizoko Nairobi na Dar es Salaam, hutoa ushauri bila malipo. Zitumieni kabla ya kumlipa wakala yeyote.

Kuhusu insha nina neno moja tu. Ukiweka alama kwenye kampasi zote kisha ukaandika aya tatu za kusifu jiji la Atlanta, msomaji wa Oxford ataona wazi kwamba amewekwa kama akiba. Taja unachokitaka Oxford, kama darasa dogo au shamba lake la kilimo hai, na kiwe kitu unachokitaka kweli.

Ukipokelewa Desemba, ondoa maombi mengine wiki hiyo hiyo, mjulishe mwalimu asiendelee kutuma matokeo kwingine, kisha anza safari ya I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza) na miadi ya ubalozi. Ukikataliwa duru ya kwanza, ahadi imekwisha, na unaweza kuomba ED ya pili ya chuo kingine. Vanderbilt, kwa mfano, wanayo, nayo hufungwa tarehe 1 Januari. Insha zake zisisubiri jibu la Emory, kwa sababu kati ya jibu hilo na tarehe ya mwisho kuna wiki mbili hivi, na Krismasi iko katikati.