Jibu: Hiyo 1050 Ti ina tundu la VGA, usilipe!

Yakhe, usitume hata shilingi. Hiyo GTX 1050 Ti, kadi ya picha ya kompyuta uloibandika hapa ukauliza kama ni nzuri, unayotaka uletewe Wete kutoka Unguja ukatie video za harusi, ina tundu la VGA la buluu, lile la kuchomekea monita za zamani. Tundu hilo nalijua. Limenilia pesa za msimu mzima wa harusi.

Muuzaji wangu, Darajani, simtaji, aliniuzia kwa tundu hilohilo: "Ona, hata monita yako ya zamani inaingia!" Kumbe NVIDIA, wenye kutengeneza chipu za kadi hizi, waliiondoa njia ya analogi, ile VGA inayoitegemea, tangu kadi za GTX 10. 1050 Ti ya 2016 haitoi VGA. Bwana ananionesha ushahidi wa wizi wake, na mie natikisa kichwa kama mjusi kafiri.

Hizo ni kadi kongwe, GTS 450 au GTX 550 Ti, zimeandikwa upya BIOS, ile programu ya ndani ya kadi, zijiite jina kubwa. Windows inaamini inachoambiwa, ikanisomea 1050 Ti, memori GB 4. Ya kweli ina kori 768 za CUDA, yaani vijisehemu vya kufanya hesabu; yangu 192. Memori nayo ya kwenye boksi tu: nikirenda, yaani mashine ikitoa video iliyokwisha kukatwa, ikijaa ile kidogo iliyopo, skrini nyeusi, bi harusi kapotea. Draiva mpya, ile programu ya kuiendesha kadi, ikagoma kabisa. Nikalaumu umeme, nikanunua stabilaiza. Nikalaumu joto, nikaipa feni ya chumbani, mke wangu hajanisamehe mpaka leo. Dukani naambiwa, "Mashine yako ndiyo mbovu, sheikh." Na kile kikaratasi cha "mali ikiuzwa hairudishwi" kakibandika kwa gundi imara kuliko kadi zake.

Kadi ichomekwe kwenye mashine KABLA hujalipa, ifunguliwe GPU-Z, programu ya kuisoma kadi, ni ya bure, itie kwenye flashi. Jina usilijali, tazama chipu. 1050 Ti halali husoma GP107. Ukiona GF106 au GF116, chipu za zile kadi kongwe, vaa viatu uondoke. Matoleo ya GPU-Z ya miaka ya karibuni hata huandika FAKE (bandia) mbele ya jina. Halafu irendishwe video nzito, nawe umesimama hapohapo. Wewe uko Pemba? Mtume ndugu yako wa Unguja na flashi. Picha ya skrini usikubali, yaweza kuwa ya kadi nyengine.

Uliuliza na pawa saplai, sijui na nini tena. Waje wengine wakujibu, mie nikishaiandika GF116 presha inapanda.