Mwanangu, kuhusu huo ukuu wa kitivo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeirudia kuisoma. Unauliza kama ukikubali kuwa mkuu wa kitivo cha tiba utaendelea kuwa daktari, au ndiyo utakuwa umeliaga koti jeupe. Kiti hicho nimekikalia hadi kustaafu, basi nikujibu bila kuzunguka: udaktari utapungua. Upasuaji wa kutwa nzima usahau. Ukijitahidi sana utabakiwa na kliniki moja kwa wiki, na hiyo uing'ang'anie, maana mkuu asiyegusa mgonjwa hachelewi kusahau wanafunzi wanasomeshwa kwa ajili ya nani.

Vikao, bajeti, mitaala, ithibati, malalamiko: hayo utayazoea. Kinachowashtua wengi ni kwamba unapewa shule ila hospitali hupewi. Vitanda viko chini ya mkurugenzi wa hospitali, wahadhiri wako wengi wana mabosi wawili, na wagonjwa wakifurika wodini, kinachoahirishwa ni kipindi. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kuwabembeleza watu usioweza kuwaamuru.

Tatizo hilo ni la zamani. Shule ya tiba ya wanawake ya London ilifunguliwa mwaka 1874, lakini hakuna hospitali iliyotaka kuwapokea wanafunzi wake hadi Royal Free Hospital ilipokubali mwaka 1877. Elizabeth Garrett Anderson, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo kuanzia 1883 hadi 1903, alikuwa ameshaonja kufungiwa mlango: alipata leseni yake mwaka 1865 kupitia chama cha wauza dawa, kisha chama kikabadili kanuni ili mwanamke mwingine asipite humo. Kule Philadelphia, Ann Preston alishika ukuu wa chuo cha tiba cha wanawake mwaka 1866. Mwaka 1869 wanafunzi wake waliruhusiwa kuhudhuria mafunzo Pennsylvania Hospital, na wanafunzi wa kiume wakawazomea na kuwarushia vitu. Preston aliwajibu wapinzani gazetini, na mabinti wakaendelea kwenda. Mimi huo ndio naouita ukuu wa kitivo, kuliko ripoti yoyote ya mwaka.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo hutamwachia mwingine, nalo ni orodha ya waliofaulu. Nakumbuka kikao cha watahini ambapo kijana mmoja alikuwa na alama nzuri sana za karatasi. Kitandani kwa mgonjwa, alimfunua mama wa watu bila kumsalimu wala kuvuta pazia, akambonyeza tumbo huku macho yake yako kwa mtahini. Wajumbe wakaanza kutafuta alama za huruma. Simu za wakubwa nazo zilikuwa zimeshaita, maana mtoto alikuwa wa mtu. Nilikataa kusaini. Akarudia mazoezi ya wodini, akafanya mtihani upya, na safari hiyo akapita kihalali. Nusu ya wajumbe walininunia, na mwaka ule fedha za maabara nilizisotea kweli.

Ila ukishika fimbo ya viwango, angalia unampiga nani. Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alizikagua shule 155 za tiba za Marekani na Kanada, na ripoti yake ya mwaka 1910 ilichangia kufungwa kwa shule nyingi mbovu. Lakini kati ya shule saba za Wamarekani weusi alipendekeza zibaki mbili tu, Howard na Meharry. Wakuu waliokuja baadaye walirithi ubora huo pamoja na upungufu wa madaktari alioacha nyuma.

Kwa hiyo usiwajibu haraka. Waulize kwanza nani ana kauli ya mwisho juu ya wahadhiri wa wodini, na kama bodi ya mitihani iko huru kweli au kwa maandishi tu. Halafu hiyo siku yako ya kliniki iandikwe ndani ya mkataba, si ahadi ya mdomo. Wakisita kwenye hilo la bodi, nipigie kabla hujasaini chochote.

Wasalimie watoto.

Mama yako