Mishale ya vigumba vya jiwe: mmeuliza, tunajibu

Mafundi, shikamooni. Huku kwetu jiwe ni tumbawe tu. Nimelichonga nipate kigumba (kichwa cha mshale), linamomonyoka. Nitumie nini? (Msomaji, Gede)

Marahaba. Achana na tumbawe, halitakupa makali hata ulichonge mwezi mzima. Jiwe la kigumba sharti livunjike kwa mbinuko laini, kama upande wa ndani wa kombe la chaza, na kuacha ukingo mwembamba unaokata. Tumbawe lina vitundu vingi, kwa hiyo nguvu ya kifaa hupotea njiani na jiwe hubomoka. Watu wa kale waliokaa katika pango la Panga ya Saidi, kaunti hii hii ya Kilifi, walitumia mawe magumu ya gumegume na kwatsi. Obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa, lipo pande za Naivasha, ila usiliokote ndani ya hifadhi ya taifa.

Ushauri wetu ni uanze na chupa. Kioo huvunjika sawasawa na obsidiani. Ishi, mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, aliyejitokeza Oroville huko California mwaka 1911, alichonga vigumba vizuri mno kwa kioo cha chupa. Tafuta chupa yenye kitako kinene. Vaa glavu na miwani ya kinga, tia msumari mkubwa ndani, ziba mdomo wa chupa, tikisa juu chini mpaka kitako kidondoke. Fanya kazi nje, juu ya turubai, upepo ukikutokea mgongoni. Vumbi la mawe haya likirundikana mapafuni huleta maradhi yasiyopona.

Kifaa chako ni waya wa shaba wa milimita 4 au 5, uliopachikwa kwenye mpini wa mti, ncha ikitokeza sentimita 2. Kioo kikae juu ya ngozi nene kiganjani. Kabla ya lolote, sugua ukingo wote kwa kinoo mpaka uwe butu. Hapa ndipo wengi wanapokataa kutusikiliza, wakiona wanaharibu makali. Ukingo mkali hauhimili nguvu: husagika ukatoa vumbi badala ya kibanzi. Ukishakuwa butu, weka ncha ya shaba ukingoni, chini kidogo ya nusu ya unene, sukuma kwenda ndani kwa nguvu ya bega, kisha ndipo ubonyeze chini. Kibanzi hutoka upande wa chini. Ukibonyeza tu bila kusukuma, utapata vibanzi vifupi na kigumba kitabaki na nundu katikati. Geuza, sugua tena, endelea upande wa pili. Lenga urefu wa sentimita 4, upana wa milimita 22 au zaidi kidogo, na unene usiozidi milimita 5. Uzito utakuja gramu 4 hivi.

Kila nikikaribia kumaliza, kigumba kinakatika vipande viwili. (Watamu)

Mara nyingi ni mkono, si jiwe. Kigumba kikiwa chembamba na nusu yake ikaning'inia bila kuegemea kiganja, nguvu ya kifaa hukipinda, na kioo hakijui kupinda. Kilaze chote kwenye ngozi. Sababu ya pili ni kuchonga ncha mapema. Ncha iwe ya mwisho kabisa, baada ya mapengo mawili ya kufungia.

Mapengo hayo yatobolewe kwa msumari uliopondwa ukawa bapa, milimita 6 kutoka kwenye kitako, kina cha milimita 4. Toa kibanzi kimoja, geuza, toa kingine. Ukichimba upande mmoja tu, shingo itavunjika.

Kuna walioona picha za mafundi wa Marekani wakitumia pembe ya ayala, nao wakajaribu ya mbuzi. Hazilingani. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu, huanguka na kuota upya kila mwaka. Ya mbuzi ni ganda lililovikwa juu ya mfupa, tena ni laini. Baki na shaba.

Nimefunga kigumba kwa kano za ng'ombe, kikakaza vizuri. Wiki moja baadaye kinacheza. (Bi wa Shela, Lamu)

Bi, kano zako ni nzima, hewa ya bahari ndiyo inayozilegeza. Kano hukaza kwa kukauka, na ikinyonya unyevu hurudi kuwa laini. Lazima ifunikwe.

Anza upya hivi. Kano ya mguu wa nyuma kutoka buchani isafishwe, ikaushwe kivulini, ipondwe kwa nyundo ya mti mpaka nyuzi zijitenge. Kata mwanya kwenye ncha ya uti wa mshale, kina cha milimita 12 hadi 15, upana sawa na unene wa kitako cha kigumba. Uti ukiwa wa tete au mwanzi mwembamba, usiukate wenyewe, utapasuka. Pachika mbele yake kijiti cha mti mgumu cha sentimita 12. Kipande kilichobaki kwa fundi wa boriti kinatosha. Funga pia mdomo wa tete kwa kano.

Gundi yake ni utomvu wa msonobari sehemu 3, unga laini wa makaa sehemu 1, na nta nusu sehemu. Wanaoishi penye baridi huzidisha nta ili gundi isiwe kavu ikapasuka. Kwa jua la Lamu nta nyingi italainika. Yeyusha kwa moto mdogo, kwani utomvu hushika moto upesi. Jaza mwanya, weka kigumba, kinyooshe kabla gundi haijapoa. Kisha lowesha kano kwa maji vuguvugu, ipitishe kwa msalaba kwenye mapengo, malizia kwa kuzungusha chini ya mwanya ili uti usipasuke. Iache kivulini siku 2, halafu paka gundi ile ile juu, safu nyembamba. Uzi wa mkonge uliopakwa nta nao hufaa, ila haukazi wenyewe. Uvute kwa nguvu zako zote.

Mshale wangu unakwenda kushoto kila mara. Navuta kwa mkono wa kulia. (Malindi mjini)

Uti wako ni mgumu mno kwa upinde huo. Mshale ukiachiwa hupinda kidogo ukizunguka upinde. Usipopinda vya kutosha hutupwa kushoto. Punguza unene wake kwa msasa, kidogo kidogo, au weka kigumba kizito zaidi. Ukianza kwenda kulia, umepita kiasi. Angalia na manyoya: yote matatu yatoke bawa la upande mmoja, la sivyo mshale utayumba.

Wazee wa Kiwaata waliangusha ndovu kwa mishale ya sumu. Jiwe lisilo na sumu laweza kweli kumwua ayala? (Mpeketoni)

Laweza, kwa njia nyingine kabisa. Mshale wa sumu unahitaji kufika nyamani tu, sumu imalize. Wa jiwe huua kwa kukata: lazima upite mapafuni. Ndiyo maana wawindaji wa Marekani wanaotumia mishale hii hawapigi mbali, wengi huishia mita 15 hadi 18, na hungoja mnyama asimame ubavu au awageuzie mgongo kidogo, wakalenga nyuma ya bega. Jiwe likigonga mfupa wa bega huvunjika, na mnyama huondoka na jeraha. Upinde wao huwa na mvuto wa kilo 18 kwenda juu, na mshale mzima gramu 32 au zaidi, kwa sababu mshale mwepesi huishiwa nguvu mapema. Akipigwa mapafuni hungojwa nusu saa ndipo afuatwe. Akipigwa tumboni, saa nyingi zaidi. Yapo majimbo yanayotaka makali ya chuma, huko jiwe haliruhusiwi kabisa.

Sumu usiiguse. Husimamisha moyo wa mtu kama wa mnyama.

Nikishapata mshale mzuri, naweza kujaribu paa msituni? (Mambrui)

Hapana. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali kama umebeba bunduki au kigumba cha chupa. Na hata pasingekuwa na sheria tungekukataza: paa nunga waliobaki Arabuko-Sokoke na msitu wa Boni ni wachache mno duniani. Huku mshale huu ni wa shabaha.

Basi shabaha iwe ya nini? Kwenye gogo la mnazi vigumba vitatu vimekwisha. (Mambrui, huyo huyo)

Gunia lililojazwa usumba wa nazi, limeshindiliwa, unene wa nusu mita. Usitie mchanga, huvunja ncha. Nyuma yake tandika turubai, na chomoa mshale kwa kushika uti karibu na gunia bila kuuzungusha, maana kuzungusha ndiko kunakolegeza kano. Vipande vilivyovunjika viokote siku hiyo hiyo uvifukie shimoni, wapita pekupeku ni wengi.