Gita limeshushwa hadi C na uzi wa sita unalegea: nibadilishe nyuzi au ninunue gita jingine?

Swali: Fundi, habari ya kazi. Nina gita la umeme la muundo wa Les Paul, nalipigia bendi ya metali hapa Nairobi. Uzi wa sita tumeushusha hadi C, na zilizobaki zimeshuka toni moja, yaani C-G-C-F-A-D. Nyuzi ni zile za kawaida, 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi). Sasa uzi wa sita umelegea mpaka unagonga freti (vile vyuma vya shingoni), na nikiupiga kwa nguvu sauti inaanza juu kidogo ndipo inatulia. Wenzangu wanasema dawa ni gita la baritoni, lile lenye nyuzi ndefu zaidi, la inchi 27. Ni kweli?

Jibu: Weka pesa yako mfukoni kwanza. Kwa C, nyuzi zinatosha.

Mkazo wa uzi unategemea mambo matatu: uzito wake, urefu wake kutoka kwenye mfupa wa kichwani hadi kwenye daraja, na sauti unayotaka uutoe. Uzi wa sita kwenye E hutikisika mara 82 kwa sekunde, na kwenye C mara 65. Unaweza kudhani hapo hakuna kilichopotea, ila mkazo hupungua kwa kipeo cha pili cha uwiano huo. Gita la muundo wako huwa na urefu wa inchi 24.75. Uzi wa 46 ukiwa E unavutwa kwa kilo 7.5 hivi, uzi huohuo ukiwa C unabaki na kilo 4.7. Ukiupiga kwa nguvu unatanuka, mkazo unapanda kwa kitambo, na kwa kuwa ulikuwa mdogo tangu mwanzo, sikio linalisikia ongezeko hilo. Ndiyo ile sauti inayoanza juu.

Kanuni ya kukadiria ni nyepesi: kila nusu toni unayoshuka, ongeza unene kwa asilimia 6. Uzi wa 46 ukishuka nusu toni nne unadai 58. Nyingine zako zimeshuka nusu toni mbili tu, hivyo 10 inakuwa 11, na 36 inakuwa 40 au zaidi kidogo. Tafuta seti ya 11-56 yenye 11, 14, 19, 32, 44 na 56. Huo wa 56 kwenye C, kwa gita lako, unakupa kilo 7.1. Hapo mkono wa kulia hautaona tofauti kubwa na ulivyozoea.

Tahadhari na seti za 12 zenye uzi wa tatu mnene usiosokotwa, wa 24. Chuma kitupu cha unene huo ni kigumu na husumbua kukaa kwenye tuni ukipanda shingoni. Ukilazimika kutumia 12, chagua seti ambayo uzi huo ni wa 20, au umesokotwa.

Kuhusu urefu, wenzako hawakosei kabisa. Kutoka inchi 25.5, urefu wa magita mengine mengi, hadi 27 mkazo unaongezeka kwa asilimia 12, sawa na kupanda nusu toni moja. Weka kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza ya gita la inchi 27 na kilichobaki ni inchi 25.5, karibu kamili. Kwa hiyo mnaposhuka hadi C, inchi 27 ni anasa, tena utalipia kwa vidole, maana freti zimeachana. Mkishuka hadi B naanza kusitasita. Mkifika A nitakuambia nunua: kwenye gita fupi utahitaji uzi wa 70 hivi, na uzi mnene uliokatwa mfupi unafanya kama fimbo. Harmoniki zake, yaani sauti ndogo za juu zilizo ndani ya sauti yake, zinapanda juu ya pale zinapotakiwa, na ukiwasha distoshani (mkwaruzo wa sauti ya metali) unasikia tope.

Kulegea kwenyewe si dhambi, lakini. Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyekatika ncha za vidole viwili kiwandani, mwaka 1971 alikuwa ameshuka nusu toni tatu akitumia nyuzi nyembamba kwenye Gibson SG ya inchi 24.75, ili vidole visiumie. Ila mtindo huo unataka mkono mwepesi. Wewe unapiga kwa nguvu.

Ukifunga seti mpya, kazi haijaisha. Mfereji kwenye mfupa ulichongwa kwa uzi wa 46. Ule wa 56 utakaa juu yake na kunasa, na ukikaza utasikia "tik" kisha tuni inaruka. Zungushia msasa laini kipande cha uzi wa zamani mwembamba kidogo kuliko 56, upanue mfereji taratibu, ukiinamisha kuelekea upande wa vikazio. Usichimbe chini, panua pembeni tu. Kisha pima freti ya 12: sauti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko harmoniki (ile ya kuugusa uzi kidogo tu hapohapo bila kuubonyeza), rudisha kile kikalio cha darajani nyuma, mbali na shingo. Kwenye daraja la aina yako nafasi ni finyu. Kikigota, kitoe ukigeuze, mara nyingi unapata milimita moja au mbili zaidi.

Vyote hivyo fanya gita likiwa tayari kwenye C. Ukipima kwenye E na nyuzi hizo nene, shingo itavutwa kupita kiasi na vipimo vyako vyote vitakuwa bure.