Damu baada ya haja kubwa: usiite bawasiri kabla hujatazamwa

Mkuu, nimesoma bandiko lako mara mbili. Unasema hii ni wiki ya tatu, ukimaliza haja kubwa damu nyekundu inadondoka chooni, maumivu huna, na jamaa wa kazini ameshakuuzia chupa ya dawa ya bawasiri kwa elfu 30. Hiyo chupa iweke pembeni kwanza. Mimi nilimaliza chupa nne za namna hiyo na bawasiri sikuwa nayo.

Ni dereva wa semi, Dar hadi Lubumbashi, mwaka wa 11 huu. Mnaoijua foleni ya mpakani Tunduma, halafu ya Kasumbalesa, mnaelewa maisha yake. Unakaa siku tatu kwenye gari, huthubutu kwenda mbali usije ukafunguliwa mzigo. Maji unakunywa funda mbili ili usihangaike na choo. Chakula ni chipsi mayai, au ugali wa sembe na nyama choma. Haja ikija unaibana mpaka inapotea, na ikirudi kesho yake imeshakuwa jiwe.

Siku iliponikuta nilikuwa narudi, nimelala gesti Mbeya. Nilihisi kama nimepitishwa wembe. Karatasi ikatoka nyekundu, na ule moto haukuzimika: niliendesha nimekalia tako moja mpaka Igawa. Mke nilimwambia mgongo unauma. Mzee mmoja wa dawa akanipa unga wa mizizi wa "kukausha kinyama". Ulikuwa unaharisha, basi, na kuharisha juu ya kidonda nisimwombee hata adui. Nikaenda hivyo miezi saba.

Hospitali nikapokelewa na daktari binti, umri wa mwanangu wa kwanza. Wanaume tunaogopa kile kidole kuliko ugonjwa wenyewe, sijui tulirogwa na nani. Akanilaza ubavu wa kushoto, magoti kifuani, akatenganisha kidogo na kutazama. Kidole hata hakuingiza, akasema angenitesa bure kwa maumivu yale. "Baba, hii siyo bawasiri. Ni mpasuko."

Akanieleza, na mimi nakueleza. Choo kigumu kikipita kwa nguvu kinachana ngozi laini ya njia ya haja kubwa. Ukiumia, msuli wa pale unakaza. Ukikaza, damu ya kuponya haifiki vizuri, na wewe kwa woga unabana haja, inazidi kuwa ngumu, inachana palepale. Bawasiri ni kitu kingine: ni mishipa ya damu iliyovimba. Ya ndani mara nyingi haiumi, inadondosha tu damu nyekundu, wakati mwingine kinyama kinachungulia na kurudi. Ya nje ndiyo inayowasha, na damu ikiganda ndani yake inauma kweli. Kwa hiyo maelezo yako yanafanana na bawasiri ya ndani zaidi kuliko mpasuko wangu. Yanafanana, sijasema ndiyo.

Tiba yangu ilinishangaza kwa udogo wake. Beseni la maji ya vuguvugu, unakaa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya choo. Maji matupu. Mama mkwe kwa huruma yake alitia dawa ya kuulia vijidudu, niliruka beseni likapinduka. Dawa ya maji ya kulainisha choo, laktulozi. Na ya kupaka yenye nitrogliserini, inayolegeza ule msuli. Hiyo inapiga kichwa, paka ukiwa umekaa. Kabla ya kuniandikia aliniuliza kama natumia vidonge vya kuongeza nguvu za kiume. Nikacheka, yeye hakucheka: vikikutana, presha inaweza kushuka vibaya sana. Nawaambia madereva wenzangu humu bila kumtaja mtu.

Wiki ya pili maumivu yalipungua, ya saba nikasahau. Kilichobaki ni chakula: dona badala ya sembe, maharage, mchicha, papai, na galoni la maji ndani ya gari lisilokauka. Haja ikija nasimamisha, mzigo utangoja. Na simu siingii nayo chooni tena, maana kukaa pale nusu saa unasoma majukwaa kunaijaza damu ile mishipa. Haya mambo hata mwenye bawasiri ataambiwa hayohayo. Yakigoma, bawasiri ya ndani inaweza kufungwa kwa kimpira kidogo ikanyauka na kudondoka yenyewe, bila kulazwa.

Sasa kwa nini nasema utazamwe wakati dalili zako ni za bawasiri? Kwa sababu ya baba mdogo. Yeye bawasiri alikuwa nayo kweli, ya miaka. Damu ilipoongezeka hakuna aliyeshtuka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Akapungua mwili, choo kikawa mara kigumu mara cha kuhara, damu ikawa imechanganyika na kinyesi, akawa anachoka kwa kupanda ngazi tu. Alipopigwa kamera ya utumbo mpana ilikuwa saratani, na imeshatembea. Bawasiri ilikuwepo palepale mlangoni, ikamficha mwenzake.

Na kama umekulia kandokando ya Ziwa Victoria, mtajie daktari. Shemeji yangu wa Ukerewe alihangaika na damu chooni, kumbe kichocho cha tumbo, akatibiwa kwa prazikwanteli. Damu yenye makamasi pamoja na homa nayo ipimwe choo, inaweza kuwa kuhara damu.

Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, hakitoki huku chini. Hiyo huwa damu ya tumboni juu, vidonda vya tumbo kwa mfano, na unakwenda siku hiyohiyo. (Vidonge vya madini ya chuma navyo vinafanya choo cheusi, na kiazisukari (bitiruti) kinakifanya chekundu, usije ukaamsha nyumba nzima.) Damu ikitoka nyingi, mabonge, au unahisi kizunguzungu na moyo kwenda mbio, usingoje asubuhi.

Hizo diklofenaki, vidonge vya maumivu ulivyosema unameza kwa ajili ya goti, mwambie daktari pia, zinaweza kuongeza kutoka damu. Halafu hujataja umri wako, wala kama kuna mtu kwenu aliwahi kuugua saratani ya utumbo. Kama umevuka 45, au yupo, omba kabisa kamera, wasikuishie kwa krimu.

Ukitoka huko rudi utuambie walichokiona.