Kwa wahudumu wapya wa ndege: jifunzeni pia mlango wa kutofungua

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Dar es Salaam, iwe mnasomea Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo au kozi ya kampuni iliyowaajiri, mtafundishwa kufungua mlango wa ndege mpaka mikono izoee. Ni vizuri. Ila kuna somo ambalo naona vijana wengi wanalipita mbio: kutambua mlango wa kuuacha umefungwa.

Tuanze na kanuni. Ndege yenye viti vya abiria zaidi ya 44 haipati kibali mpaka mtengenezaji aonyeshe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, kwa nusu tu ya milango. Airbus A380 ilipojaribiwa Hamburg mwaka 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78 kupitia milango 8 kati ya 16. Wengi hukariri ile 90 kwa ajili ya mtihani. Mimi nawaomba mshike hiyo nusu. Walioandika kanuni walijua kwamba siku ya ajali huenda upande mmoja ukawa na moto, na mlango mwingine ukagoma.

Tazameni Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Airbus A350 yenye watu 379 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, ikashika moto. Ina milango 8. Iliyotumika ni 3. Gia ya mbele, yaani mguu wenye magurudumu, ilivunjika, pua ikalala, mkia ukainuka, kwa hiyo mtelezo wa nyuma wa kuteremkia abiria, ambao kazini tunauita slaidi, ulikuwa mkali kuliko kawaida. Mfumo wa matangazo ulikufa, wakabaki na vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Huko nyuma wahudumu hawakuweza kuwasiliana na kapteni, wakaamua wenyewe kwamba mlango wa kushoto unafaa. Abiria walikuwa wanapiga kelele wafunguliwe, na bado milango 5 haikuguswa. Wote 379 walitoka hai. Katika ndege ile ndogo, 5 kati ya 6 walifariki.

Kwa hiyo kabla mkono haujaenda kwenye mpini, macho yaende dirishani. Kuna moto? Maji? Vyuma vilivyochomoza? Injini bado inazunguka? Ukiridhika, hakikisha slaidi iko tayari, fungua, kisha shika kishikio cha pembeni, maana wanaokusukuma nyuma wanaweza kukurusha nje. Slaidi hujazwa na gesi ya mtungi inayovuta na hewa ya nje, na kanuni inataka isimame ndani ya sekunde 6. Iangalie kwanza, huenda upepo umeipindua. Ikigoma, geuka, ziba mlango kwa mwili wako na uwaelekeze kwingine. Na usiache kuchungulia: upande uliokuwa salama unaweza kufikiwa na moto watu wakiwa bado wanateremka.

Hapo ndipo sauti inapohitajika. Abiria hukimbilia alikoingilia. Aliyepandia mbele kushoto pale Terminal 3 atarudi mbele kushoto, hata kama mlango wa nyuma uko hatua chache kutoka kitini kwake. Fanyeni mazoezi ya amri kwa Kiswahili pia, kwa sauti kamili, kwa sababu bibi anayekwenda Mwanza kumwona mjukuu hatasubiri kutafsiriwa: "Fungua mkanda! Acha mizigo! Huku hapafai, nenda nyuma!" Maneno mafupi, yaleyale, bila kusita.

Milango ya juu ya bawa ina shida yake. Manchester, tarehe 22 Agosti 1985, Boeing 737 iliwaka kabla ya kuruka, watu 55 wakafa, wengi kwa moshi. Abiria aliyekaa pale kulia hakujua namna ya kuufungua, na ulipoachia ulimwangukia. Una uzito wa kilo 22 hivi. Ndiyo maana nasisitiza: anayekaa safu hiyo mweleze uso kwa uso. Akiitikia tu huku macho yake yakiwa kwenye simu, mhamishe. Usimwonee haya.

Sisi tunaruka juu ya maji kila siku, Zanzibar, Mafia, Ziwa Victoria. Mwaka 1996 Boeing 767 ya Ethiopia iliyotekwa iliangukia bahari ya Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, baadhi yao kwa sababu walijaza jaketi okozi wakiwa ndani, maji yalipoingia yakawabana darini. Lijazwe mlangoni, wakati wa kutoka. Na ndege iliyotoka Dar ikaanguka ziwani Bukoba Novemba 2022, wakafa 19 kati ya 43, ilikuwa ATR 42: mlango wake uko karibu na ardhi, hauna slaidi. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Mpaka mtumbwi ufike, abiria wana ninyi tu.

Ndege inapoongeza kasi kuruka, nyamazeni mjiulize: mlango wangu ni upi, unafunguka vipi, chini kuna nchi kavu au maji, ukishindikana nawapeleka wapi? Kesho mkipangiwa ndege ya aina nyingine, jiulizeni upya.