Kwa Nini Mashine Haifikii Kasi Niliyoipangia?

SWALI: Mhariri, ninachonga milango kwa mashine ya kompyuta hapa Changamwe, Mombasa. Nimeipangia kasi ya milimita 200 kwa sekunde, lakini kwenye nakshi fupi haifiki. Je, ni mbovu?

JIBU: Si mbovu, ndugu. Ikiwa mchapuko wake, yaani ongezeko la kasi kila sekunde, ni milimita 500 kwa sekunde, umbali wa kuifikia kasi hiyo ni kipeo cha pili cha kasi kikigawanywa kwa maradufu ya mchapuko: milimita 40, na nyingine 40 za kusimama. Mstari wa milimita 50 hautoshi, hivyo mashine huongeza kasi hadi katikati, ikafika takriban milimita 158 kwa sekunde, kisha ikapunguza. Nakusihi usiongeze mchapuko ovyo, kwani mota za hatua, yaani zile zinazozunguka hatua kwa hatua, zikilemewa huruka hatua, na ubao mzima wa mvule ukaharibika.